Koti linapanda kila nikiinua mikono: usikubali kwapa lishushwe tena

Swali: "Shikamoo fundi. Mi ni mwalimu wa kwaya, niko Iringa, na napiga kinanda pia. Nilishonesha koti la suti, kitambaa cha sufu iliyochanganywa na polista, mabega yamekaa vizuri na kiuno safi. Shida ni kwamba nikiinua mikono kuongoza, koti zima linapanda, kola inaachana na shingo na kifungo kinavuta. Mwanzo lilikuwa linanikata kwapani kwa mbele, nikalirudisha, fundi akashusha kwapa kama inchi moja hivi. Kukata kumepungua ila kuinua mikono ndo kumekuwa kugumu kuliko mwanzo. Sasa anasema ashushe nusu inchi nyingine. Nimruhusu? Na nikishona jingine nimwambie nini?"

Marahaba mwalimu. Usimruhusu. Yaani kama koti liko kwake muda huu, mpigie simu kabla hujamaliza kusoma hapa, mwambie aliache kama lilivyo asitie mkasi, kwa sababu kitambaa kikishaondoka pale kwapani hakirudi, na bado kuna uwezekano hilo koti lako likapona.

Fundi wako simlaumu sana maana kosa hili tumelifanya wengi na linaingia akilini kabisa. Suruali ikibana unaipanua, kiatu kikibana unachukua namba ya juu, kwa hiyo kwapa likibana unaliongeza, si ndiyo? Hapana. Kwapa la koti, yaani ule uwazi ambapo mkono wa koti unashonewa, liko kinyume, likiwa kubwa na likiwa chini ndo mkono unafungwa, na likiwa dogo, likiwa juu karibu na kwapa lako mwenyewe, mkono unakuwa huru. Najua inasikika vibaya masikioni, mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuikubali, ila nenda kaipime kwa tepu uone.

Vaa koti, funga kifungo, acha mikono chini. Muombe mtu ashike tepu aanzie kwenye pindo la chini ubavuni, apande na ubavu mpaka kwapani kwenye mshono, halafu ateremke kwa ndani ya mkono wa koti mpaka mwisho kwenye kiganja. Hiyo njia nzima, kutoka pindo hadi kiganjani kupitia kwapani, ndiyo ambayo lazima itoshe pale unapoinua mkono, kwa sababu mkono ukiwa juu ile njia inanyooka inakuwa kama mstari mmoja. Sasa fundi aliposhusha kwapa kwa inchi moja, ubavu ulipungua inchi moja, na mkono kwa ndani nao ukapungua inchi moja, jumla umepoteza inchi mbili. Mwili wako haujapungua hata kidogo, ila koti limepungua inchi mbili mahali pale pale ambapo mkono unahitaji urefu. Ukiinua mkono na urefu haupo koti litafanya nini, linaenda kuutafuta chini, linavuta pindo, pindo linapanda, kifungo kinavutwa, mabega yanasimama na kola inaachana na shingo. Dalili zote ulizozitaja ni ugonjwa mmoja tu, na akishusha nusu inchi nyingine unapoteza inchi nzima zaidi.

Wazee wetu wa pwani hili jambo walilijua siku nyingi. Angalia kanzu iliyoshonwa kwa mkono, badani, yaani kipande kikubwa cha mbele na nyuma, imenyooka, taharizi, vile vipande vya kupanua, ziko ubavuni, na pale kwapani kuna kipande kidogo kinaitwa kikwapa. Watu wanadhani ni cha urembo au cha kuziba mshono, kumbe ndicho kinachoongeza ule urefu wa chini ya mkono ili mtu aweze kuinua mikono yake vizuri bila kanzu kupanda. Koti la suti halina kikwapa, kwa hiyo kazi hiyo lazima ifanywe na umbo la kwapa lenyewe na namna mkono ulivyoingizwa.

Mimi nililielewa kwa macho kupitia koti la mtumba. Nilikuwa tayari nimeshona makoti miaka kadhaa, makwapa yangu yote makubwa, na wateja wakilalamika nashusha kama fundi wako. Siku moja nikanunua kwenye soko la mitumba la Karume koti lililochakaa, bitana imepasuka, lebo inasema limeshonwa Italia, nikalivaa pale pale na kunyanyua mikono kama naning'inia kwenye bomba la daladala. Kola haikutoka shingoni. Nikarudi nalo nikalifumua usiku ule ule, nikatoa mkono mmoja, nikalaza kwapa kwenye karatasi nikalichora kwa kalamu. Lilikuwa dogo mpaka nikadhani nimechora vibaya. Halikuwa duara, lilikuwa kama yai lililoegeshwa, nyuma karibu linyooke, mbele limechimbwa ndani hasa pale robo ya chini, na sehemu ya chini kabisa haikuwa katikati, ilikuwa imesogea mbele. Nikalaza juu yake patani yangu niliyokuwa naitumia kwa kila mtu, mbele na nyuma mkunjo mmoja sawasawa, chini limeshuka zaidi ya inchi moja kulizidi. Nilikaa pale chini na ile karatasi muda mrefu, nawaza makoti yote niliyoyashusha.

Hii ya kwapa dogo la juu wala si jambo geni duniani. London alikuwepo fundi mzaliwa wa Uholanzi, Frederick Scholte, ndiye aliyekuwa akimshonea Duke of Windsor, yule mfalme wa Uingereza Edward VIII aliyeachia kiti 1936, na makoti yake yalisifika kwa kwapa dogo pamoja na kitambaa kidogo cha ziada kifuani na mgongoni. Mtindo huo ukaendelezwa na duka la Anderson & Sheppard lililoanzishwa 1906, na kati ya wateja wao alikuwemo Fred Astaire, mcheza dansi wa sinema za Marekani. Tafuta sinema zake za miaka ya 1930 usitazame miguu, tazama kola, mikono iko juu na koti limetulia shingoni. Mafundi wa Napoli kule Italia nao wanajulikana kwa kwapa dogo lenye mkono mpana unaobanwabanwa kuingia mle. Kwa nini basi makoti ya madukani yana kwapa la chini? Kwa sababu kiwanda hakimjui atakayevaa, kinashusha kwapa ili liingie kwa mnene na mwembamba, mwenye misuli na asiye nayo. Sasa wewe ulienda kwa fundi akupime wewe, hakuna sababu ya kuvaa kwapa la kila mtu.

Turudi mwanzo kabisa, kabla hajashusha, pale koti lilipokuwa linakukata kwa mbele. Hapo ulikuwa na haki ya kulalamika, ila neno lako "kwa mbele" ndilo lilikuwa jibu na fundi hakulisikia. Koti likikukata kwenye ule msuli unaotoka kifuani kwenda begani, tatizo si kina, tatizo ni kwamba kwapa la mbele halikuchimbwa vya kutosha, kuna kitambaa kimekaa mahali ambapo msuli unataka kupita. Dawa ilikuwa kufumua mkono, kupunguza kama robo inchi ile sehemu ya mbele kwa chini, ikizidi sana tatu ya nane, na kuurudisha mkono, bila kugusa chini kabisa ya kwapa. Kwa kweli ukiona mteja anasema "linabana kwapani" muulize wapi, mwambie aweke kidole. Akigusa mbele, chimba mbele. Akigusa juu ya mkono kwenye nyama, mkono ni mwembamba, panua mkono. Akisema mgongoni pananikaza nikikumbatia mtu, mgongo ni mwembamba. Na akigusa chini kabisa kwapani na inamuumiza kweli hata akiwa amesimama tu, hapo ndo unaweza kushusha, tena robo inchi.

Kuna tofauti kati ya kukugusa na kukukata, nataka uielewe maana kwapa la juu utalihisi. Siku za kwanza utaona kama kuna kitu kipo pale, hasa kama umezoea makoti mapana. Kipimo changu ni vidole viwili vilivyolala, kati ya kwapa lako na mshono wa chini wa koti viingie bila kusukuma, visicheze. Kama inaingia ngumi, limeshuka. Kama kidole kimoja tu kinaingia kwa shida, hapo limepanda mno na jasho litakusumbua.

Sasa koti lako hili tunalifanyaje. Kwanza fundi afumue bitana pale kwapani aangalie kama alipunguza kitambaa au alishusha mshono tu na kukiacha ndani. Mafundi wengine waangalifu wanaacha, na kama kipo basi una bahati sana, arudishe mshono ulipokuwa, achimbe mbele kama nilivyosema, umemaliza. Kama ameshakata, uliza vipande vilivyobaki, yale makombo ya kitambaa usiyaache kwa fundi siku nyingine, yabebe. Akiwa na kipande cha kutosha anaweza kukata upya kile kipande cha chini cha mkono, mkono wa koti una vipande viwili, cha juu na cha chini, hiki cha chini kinakatwa kikiwa kimepanda zaidi pale kwapani, inchi moja hata moja na nusu, ili urefu wa ndani ya mkono urudi hata kama ubavu umeshapungua. Kutakuwa na mkunjo kidogo chini ya kwapa mkono ukiwa umeshuka, hauonekani mbele ya watu, na utainua mikono yako. Kipande kikiwa kidogo, basi aweke kikwapa chenye umbo la mwezi mchanga, ni kile kile cha kwenye kanzu, kwenye koti la rangi iliyokoza hakuna atakayekiona.

Ipo njia ya tatu, kufumua mabega na kola na kuliinua koti zima kutokea juu nusu inchi. Inawezekana, nimeifanya, ila koti linakuwa fupi, mifuko inapanda, kifungo kinapanda, kola lazima ikatwe upya, na fundi asiyeizoea atakuharibia mabega ambayo umesema yamekaa vizuri. Mimi kwa koti lako nisingeenda huko.

La jingine jipya, hapa nataka twende taratibu kidogo.

Kipimo cha kina cha kwapa mafundi wengi hatukipimi, tunakikisia kutoka kwenye kifua. Mwambie akipime. Unasimama wima mikono chini, anakuwekea rula imelala chini ya kwapa, iguse vizuri bila kusukuma, halafu anapima kwa mgongoni kutoka kwenye ule mfupa wa shingo unaojitokeza ukiinama mpaka usawa wa rula. Kwenye kipimo hicho aongeze nusu inchi, au tatu ya nne kama wewe ni mtu wa kuvaa sweta ndani, na Iringa mwezi wa saba bila sweta ni shida. Kwa hiyo siku ya kupimwa nenda na shati utakalovaa na sweta lenyewe, si fulana. Pedi za mabega nazo zihesabiwe, pedi inainua koti, na ndiyo maana wale wanaonunua koti halafu wanatoa pedi wanaona mikono imefungwa ghafla, koti limeshuka kwa unene wa pedi na kwapa limeshuka nalo.

Mgongo usiwe umekazwa kama ngoma. Watu wanapenda kuona mgongo laini kabisa hauna hata mkunjo, wanapiga picha kwa nyuma wanafurahi, halafu hawawezi kushika usukani. Pale karibu na kwapa kwa nyuma panatakiwa mkunjo mmoja mdogo uliosimama wima kila upande mikono ikiwa chini, huo ndio akiba ya mkono kwenda mbele. Kwa mtu anayeongoza kwaya ningeacha hata zaidi kidogo ya ninavyoacha kwa karani.

Kisha mkono wenyewe. Kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu yenye mviringo inayoingia kwapani, kikiwa kirefu, mkono unaning'inia vizuri sana kama wa mwanamitindo, ila unakataa kupanda. Kikiwa kifupi na mkono ukawa mpana, unapanda vizuri, ila ukishuka unaleta mikunjo chini. Huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu, lazima uchague, na wewe kazi yako iko juu. Mwambie fundi apunguze kichwa kama nusu inchi na apanue mkono kufidia, usiogope ile mikunjo. Koti nililomaliza juzi la mtu wa kifua inchi 40, kwapa lilizunguka inchi 19 na nusu na ukingo wa kichwa cha mkono ulizunguka 21. Hiyo inchi moja na nusu ya ziada inaingizwa kwa kubanwa na uzi wa mkono, mishono midogo midogo, halafu mvuke wa pasi juu ya mto, unaona kitambaa cha sufu kinanywea chini ya kitambaa kibichi mpaka vile vikunjo vinapotea kabisa na kichwa kinakuwa mviringo kama bega la mtu. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye koti. Polista tupu hainywei hivyo, utaipiga mvuke mpaka ing'ae na vikunjo viko pale pale, kwa hiyo kwenye polista ziada ishuke mpaka inchi moja. Kitambaa chako ni mchanganyiko, kitakubali kiasi.

Halafu mwelekeo wa mkono. Mikono ya watu haining'inii sawa, askari mikono yake iko nyuma, mtu wa kinanda na kompyuta mikono inaangukia mbele. Nadhani wewe uko mbele. Mkono wa koti ukishonwa kwa mwelekeo wa askari kwenye mwili wa mpiga kinanda utaona mikunjo ya mshazari nyuma ya mkono, na kwa mbele utahisi unasukumwa, ile ile kubana ambayo watu wanaiita kwapa dogo. Dawa ni kuuzungusha mkono mbele kidogo kwenye kwapa, robo inchi au nusu, wala hakikatwi kitu.

Ndiyo maana nasisitiza majaribio. Usikubali koti liende moja kwa moja mpaka bitana. Lipigwe bandi, yaani lishikizwe kwa mishono ya muda, mikono yote miwili ipigwe bandi, ulivae na ufanye kazi yako mle ndani. Mimi ninaposhonea mwalimu wa kwaya namwambia aniongozee wimbo, pale pale dukani, mwanzo mpaka ubeti wa pili, mi nasimama nyuma yake naangalia kola na chaki mkononi. Wengine wanaona aibu, ila hakuna njia nyingine ya kujua. Kwapa likatwe dogo kwanza, liwe dogo kuliko unavyodhani linafaa, kwa sababu siku ya majaribio kulichimba ni dakika tano na kulirudisha haiwezekani. Na likishakatwa lisichezewe hovyo, ile duara imekatwa kwa mshazari wa nyuzi, ukiliburuta mezani na kulipiga pasi kwa kulivuta linarefuka lenyewe, kwapa la inchi 19 na nusu unalikuta 20 na hujui imetoka wapi. Lishikwe mapema na uzi wa mkono au utepe mwembamba kuzunguka.

Utaniuliza kuhusu jasho, maana kila ninayemwambia kwapa la juu anauliza jasho, hasa wa Dar na Tanga. Kushusha kwapa hakupunguzi jasho, shati lako liko pale pale na linaloa vile vile. Linalosaidia ni kitambaa chepesi cha sufu, bitana ya viskosi badala ya polista, au bitana nusu mgongo, na vile vipande viwili vya pamba vya umbo la mwezi vinavyoshikizwa ndani kwapani ambavyo unavitoa na kuvifua.

Kwa fundi wako nenda kwa heshima tu, usiende na simu umeshika kama ushahidi. Mwambie "fundi, naomba turudishe kwapa, gharama ya kufumua nitalipa", na ulipe kweli, maana kufumua na kurudisha mikono miwili ni kazi ya siku nzima kama inafanywa vizuri. Akikubali, kabla hajafunga bitana vaa hilo koti uongoze wimbo mmoja, na nyuma yako asimame mtu akupige picha ya kola mikono ikiwa juu. Picha hiyo nitumie, kama kola bado inatoka nitajua kama ni mgongo au ni mkono.